Balozi Akifungasha Virago

  

Leo nina swali. Mara ngapi mmesikia kwenye taarifa ya habari kwamba serikali fulani imevunja uhusiano wa kibalozi na nchi fulani kwa sababu ya vita? Habari yenyewe haimalizi hata nusu dakika. Msomaji anaguna kidogo, anahamia kwenye bei ya petroli, halafu michezo. Sasa hapo kimevunjika nini hasa? Mpaka umefungwa? Ndege hazitui tena? Mwanao anayesoma kule arudi nyumbani? Na je, hatua inayofuata ni mizinga?

Twende taratibu, kwa sababu jambo hili lina mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na redio hututangazia ule wa mbele tu.

Kwanza, kuvunja uhusiano hakuji ghafla kama radi. Kuna ngazi zake. Nchi ikiudhika, humwita wizarani balozi wa mwenzake, humkalisha, na kumweleza kinagaubaga kwamba hatukupendezwa. Hasira ikizidi, inamrudisha balozi wake nyumbani kwa kile kinachoitwa mashauriano. Hayo mashauriano, wasikilizaji, yanaweza kuchukua mwaka mzima na asishauriwe mtu. Ikizidi tena, maofisa wachache wanatimuliwa, na upande wa pili nao unatimua idadi ileile. Afrika Kusini, Novemba 2023, kwa sababu ya vita vya Gaza iliwaita nyumbani wanadiplomasia wake wote waliokuwa Tel Aviv, na bunge lake likapiga kura ubalozi wa Israeli ufungwe. Hata hivyo serikali haikuifikia ngazi ya juu kabisa. Bolivia ilikwisha kuifikia mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo. Ilisema basi, hatuna uhusiano tena.

Pili, na hili nalisema kwa sauti kubwa kidogo: kuvunja uhusiano si kutangaza vita. Tena vita na ubalozi vinaweza kukaa pamoja. Iran na Irak zilianza kupigana mwaka 1980. Vijana wakafa kwa malaki kwenye mahandaki, na miaka ikapita nchi hizo mbili zikiwa bado hazijavunja uhusiano rasmi. Kwa upande mwingine, wapo waliovunja uhusiano wakakaa miongo bila kurushiana risasi hata moja. Kwa hiyo ukisikia habari hiyo, usikimbilie kununua unga wa akiba.

Sasa tuingie ndani ya jengo lenyewe siku hiyo ikifika. Barua imeletwa kutoka wizarani, mna saa arobaini na nane. Karatasi za siri zinachomwa au zinasagwa. Mihuri ya viza inahesabiwa, mitambo ya mawasiliano inang'olewa. Familia zinafungasha, watoto wanaaga wenzao shuleni katikati ya muhula. Nje, magari yenye namba za CD yanasubiri kwenda uwanja wa ndege. Na pembeni wamesimama watu ambao redio haiwataji kamwe: dereva, mpishi, mlinzi wa getini, karani wa dirisha la viza. Hao ni raia wa nchi mwenyeji, na hakuna ndege inayowasubiri. Balozi atapangiwa kituo kingine. Wao wanakwenda kutafuta kazi.

Na jengo je? Watu huvamia wakagawana samani? Hapana, au tuseme haitakiwi. Upo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaosema hata uhusiano ukivunjika, hata vita vikiwa vinapiganwa, nchi mwenyeji inapaswa kuliheshimu na kulilinda jengo, mali na nyaraka zilizomo. Inapaswa pia kuwasaidia wageni wale waondoke salama. Nao wanaoondoka wanaruhusiwa kumwachia mtu wa tatu funguo na kazi zao.

Huyo mtu wa tatu ndiye mlango wa nyuma niliowatajia. Majirani wawili wakinuniana hadi kuacha kuamkiana, bado ukuta unaowatenganisha ni mmoja na mfereji wa maji machafu ni mmoja. Mfereji ukiziba, atatafutwa mtoto wa nyumba ya tatu apeleke salamu. Uswisi imekuwa mtoto huyo wa nyumba ya tatu kwa miaka mingi mno. Marekani ilivunja uhusiano na Iran mwaka 1980, na tangu hapo neno la Washington kwenda Tehran hupitia kwa Waswisi. La Tehran kwa Washington lina dawati lake ndani ya ubalozi wa Pakistani. Zaidi ya miaka arobaini hawasalimiani, lakini ujumbe unafika.

Mnanipata mpaka hapo? Mlango wa mbele umefungwa, wa nyuma uko wazi. Sasa nataka turudi kwetu, kwa sababu sisi Watanzania jambo hili tumelifanya, na tumelifanya zaidi ya mara moja.

Tarehe 11 Novemba 1965, kule Salisbury, mji tunaouita Harare leo, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao wenyewe. Ulikuwa uhuru wa Wazungu wachache dhidi ya Waafrika walio wengi. Kisheria Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ilikuwa koloni la Uingereza, kwa hiyo yale yalikuwa maasi. Makoloni mengine yalipoasi, Uingereza ilipeleka majeshi, na Wakenya wa umri mkubwa wanalijua hilo vizuri kuliko mimi. Mara hii waasi walikuwa ndugu zao, na Waziri Mkuu Harold Wilson akasema hatatumia nguvu, ataweka vikwazo.

Mwanzoni mwa Desemba mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Addis Ababa. Wakapitisha azimio kwamba, kama Uingereza haitakuwa imeyazima maasi yale kufikia tarehe 15 Desemba, nchi wanachama zitavunja uhusiano nayo. Angalieni jambo la ajabu hapa, wasikilizaji. Kwa kawaida nchi huvunja uhusiano kwa sababu mwenzake anapigana. Afrika ilitishia kuvunja kwa sababu mwenzake anakataa kupigana.

Tarehe ikafika. Zile nchi zaidi ya thelathini zilizokuwa wanachama, ngapi zilitimiza? Tisa hivi. Miongoni mwa zilizokuwa chini ya Uingereza na kubaki katika Jumuiya ya Madola zilikuwa mbili tu, Ghana na Tanzania. Kenya haikuvunja. Uganda haikuvunja. Zambia haikuvunja, na Zambia mimi siilaumu hata kidogo, kwa maana reli yake, umeme wake wa Kariba na makaa yake ya mawe vyote vilikuwa mkononi mwa Smith. Ukiwa umebanwa koo namna hiyo, huchagui maneno.

Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge siku moja kabla ya tarehe ile. Hoja yake ilikuwa heshima ya Afrika: tumekaa Addis Ababa, tumeazimia mbele ya dunia, je, sasa tuseme tulikuwa tunatania? Alijua pia kilichokuwa kinangoja upande wa pili. Uingereza ilikuwa imekubali kuikopesha Tanzania pauni milioni 7.5, mkopo usio na riba, na nchi ilikuwa ikiutekeleza Mpango wake wa kwanza wa Miaka Mitano. Uhusiano ukavunjika, na mkopo ukaenda na maji. Hakuna aliyeshangaa.

Lakini hebu ona ambacho hakikuvunjika. Tanzania haikutoka katika Jumuiya ya Madola. Walimu na wataalamu wa Kiingereza waliokuwa katika shule na ofisi zetu hawakufukuzwa. Biashara iliendelea. Na shughuli za Uingereza pale Dar es Salaam zilihamia chini ya mwavuli wa ubalozi wa Kanada. Mlango wa nyuma, tena.

Mtaniuliza, basi ilisaidia nini? Smith aliondoka? Hakuondoka. Wilson alipeleka jeshi? Hakupeleka. Kama unapima kwa kipimo hicho, hatua ile ilishindwa, na wapo waliosema hivyo siku ileile. Mimi napima kwa kipimo kingine. Naangalia aliyevunja amelipa nini. Nchi maskini iliyoachia pauni milioni 7.5 kwa ajili ya watu wa nchi nyingine imesema neno zito, hata kama halikusikilizwa. Nchi iliyotoa tamko kali kisha ikaendelea kupokea kila ilichokuwa inapokea, hiyo imepiga soga. Wanahistoria wengi wanaona pia kwamba magomvi ya misaada ya miaka ile, na Waingereza na pia na Wajerumani wa Magharibi, ndiyo yaliyoandaa njia ya Azimio la Arusha na siasa ya kujitegemea mwaka 1967. Ukishanyang'anywa mkopo kwa sababu ya msimamo, unaanza kujiuliza maswali kuhusu mikopo.

Hiyo ni mara moja. Mara nyingine ni Oktoba 1973, na hapo mambo yana utata zaidi, kwa hiyo nivumilieni.

Israeli ilikuwa rafiki wa karibu wa nchi nyingi changa za Afrika. Hapa kwetu ilisaidia katika ushirika, ilitoa ushauri katika kuanzishwa kwa Jeshi la Kujenga Taifa, na Hoteli ya Kilimanjaro pale ukingoni mwa bandari, iliyofunguliwa mwaka 1965, ina mkono wa Waisraeli. Ila mwaka 1967 Israeli iliiteka rasi ya Sinai, ardhi ya Misri, na Misri ni mwanachama wa umoja wetu. Miaka sita ya maazimio haikurudisha hata shubiri moja. Nchi zikaanza kuondoka mojamoja. Uganda ya Idi Amin ilivunja uhusiano mwaka 1972, na tarehe 4 Oktoba 1973 Rais Mobutu wa Zaire alisimama Umoja wa Mataifa akasema akitakiwa kuchagua kati ya rafiki na ndugu, atamchagua ndugu. Siku mbili baadaye vita kati ya Misri na Israeli vikaanza. Katikati ya mwezi majeshi ya Israeli yakauvuka Mfereji wa Suez, yakakanyaga ng'ambo ya magharibi. Basi, hapo mlango ukafungwa kwa kishindo. Tanzania ikavunja, Ethiopia ikavunja, na tarehe mosi Novemba Kenya nayo ikavunja. Waliobaki walikuwa wa kuhesabu vidoleni, kama Malawi, Lesotho na Swaziland.

Afrika ilipata nini? Nchi za Kiarabu zilikubali kuwanyima mafuta Afrika Kusini, Rhodesia na Wareno, na hilo halikuwa jambo dogo kwa wapigania uhuru, ingawa Shah wa Iran aliendelea kuwauzia Makaburu. Lakini bei ya mafuta ilipanda karibu mara nne katika miezi michache, na ilipanda kwa wote, ndugu na asiye ndugu. Tanzania ilipigwa na bei hiyo pamoja na ukame kwa wakati mmoja. Walioomba mafuta ya bei nafuu kwa sababu ya mshikamano waliambulia misaada na mikopo, na bei ikabaki palepale.

Sasa sikilizeni kichekesho cha historia. Machi 1979 Misri yenyewe, mwenye shamba lililoporwa, ilitia saini mkataba wa amani na Israeli. Mwaka uliofuata wakabadilishana mabalozi. Sisi tuliokuwa tumenuna kwa niaba yake tukaendelea kununa. Kenya ilirudisha uhusiano Desemba 1988, Tanzania mwaka 1995. Usicheke haraka, lakini. Kufikia wakati huo hoja haikuwa Sinai tena. Hoja ilikuwa Palestina, ambayo Tanzania iliipa nafasi ya ubalozi Dar es Salaam, na urafiki wa Israeli na Makaburu wa Afrika Kusini. Uhusiano uliovunjika kwa sababu moja unaweza kubaki umevunjika kwa sababu nyingine kabisa.

Na mlango wa nyuma? Ulikuwepo, tena mpana. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli waliwaokoa mateka wa ndege iliyotekwa nyara na kupelekwa Entebbe, Uganda. Ndege zao zilitua wapi kujaza mafuta kabla ya kurudi kwao? Nairobi. Nairobi ya Kenya ambayo kwa maandishi haikuwa na uhusiano wowote na Israeli tangu 1973. Waliolipia mlango huo wa nyuma walikuwa Wakenya wa kawaida waliokuwa wakiishi Uganda. Askari wa Amin waliwageukia, na mamia wakauawa. Hao hawakuombwa ushauri na yeyote.

Ndiyo maana nasisitiza, na nitasema tena: ukisikia uhusiano umevunjika, usiamini kwamba mazungumzo yamekoma. Yamehama chumba tu.

Tuje karibu zaidi, kwa majirani zetu wa leo. Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wanaikaribia Goma, Kongo iliwaondoa wanadiplomasia wake Kigali na kuitaka Rwanda ifunge ubalozi wake Kinshasa. Kinshasa inasema Rwanda ndiyo iliyo nyuma ya M23, Kigali inakana na kusema inajilinda. Miezi miwili baadaye, Jumatatu tarehe 17 Machi, Rwanda ikavunja uhusiano na Ubelgiji, mkoloni wake wa zamani, ikisema Ubelgiji imeegemea upande wa Kongo. Saa arobaini na nane, fungasheni. Siku hiyohiyo Umoja wa Ulaya ulitangaza vikwazo dhidi ya viongozi wa M23 na makamanda kadhaa wa Rwanda. Mtu aliyesikiliza redio jioni ile angeapa kwamba kila mlango umepigiliwa misumari.

Kesho yake, Jumanne, Rais Kagame na Rais Tshisekedi wakaonekana wamekaa pamoja Doha, na Amiri wa Qatar katikati. Hawana mabalozi, lakini wana viti. Mwezi Juni mawaziri wao wa mambo ya nje wakatia saini makubaliano Washington. Kama makubaliano hayo yamemfikia mama anayeuza mihogo Sake au Minova, hilo ni jambo jingine, na watu wa kule wana majibu yao.

Mfano wa mbali zaidi, ila uliofika mpaka kwenye kikaango cha mandazi. Ukraine ilivunja uhusiano na Urusi tarehe 24 Februari 2022, siku ileile ya uvamizi, na sidhani yupo anayeweza kuilaumu. Lakini gesi ya Urusi iliendelea kupita kwenye mabomba ya Ukraine kwenda Ulaya, na Urusi ikilipa ada ya kupitisha, mpaka mkataba ulipokwisha mwishoni mwa 2024. Mizinga juu, gesi chini. Na ngano? Nchi zetu hizi hununua ngano nyingi kutoka Bahari Nyeusi, ndiyo maana bei ya unga wa chapati ilipanda mwaka ule. Julai 2022 yakapatikana makubaliano Istanbul ya kuruhusu meli za nafaka. Urusi ilitia saini karatasi yake na Uturuki na Umoja wa Mataifa. Ukraine ikatia saini karatasi nyingine, na Uturuki na Umoja wa Mataifa haohao. Maadui hawakutia saini karatasi moja. Meli zikaondoka hata hivyo, kwa mwaka mmoja.

Basi nikirudi kwenye kipimo changu, mtazameni Rais Gustavo Petro wa Kolombia. Siku ya Wafanyakazi, Mei mosi 2024, alitangaza mbele ya umati kwamba nchi yake inavunja uhusiano na Israeli kwa sababu ya Gaza. Vifijo vikapigwa. Lakini Kolombia ndiyo iliyokuwa ikiiuzia Israeli sehemu kubwa ya makaa ya mawe, na makaa yakaendelea kusafiri. Amri ya kuyazuia ilikuja Agosti. Mimi ile ya Mei niliisikia, ya Agosti ndiyo niliyoiandika kwenye daftari. Mtu akikwambia amevunja uhusiano, muulize kwa upole: na makaa je?

Muda wangu unayoyoma, ila kuna swali moja najua lipo vinywani mwenu. Uhusiano ukishavunjika, unarudi vipi?

Unarudi kimyakimya. Kuvunja hufanywa bungeni au mbele ya umati. Kurudisha hufanywa kwa aya moja ya wizara. Tanzania ilirudisha uhusiano na Uingereza mwaka 1968. Smith alikuwa bado ameketi Salisbury, na hakuna sharti hata moja la Addis Ababa lililokuwa limetimizwa. Ilikuwa aibu? Wengine waliona hivyo. Lakini songa mbele miaka kumi na moja. Agosti 1979, viongozi wa Jumuiya ya Madola wanakutana Lusaka. Wapiganaji wa Zimbabwe, ambao wengi walifunzwa katika kambi za hapa Tanzania na Msumbiji, wameshaubana utawala wa Salisbury msituni. Mezani wamekaa Nyerere, Kaunda na Margaret Thatcher. Pale ndipo yalipopatikana maafikiano yaliyozaa mkutano wa Lancaster House, London, mwezi uliofuata, na tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikapata uhuru wake. Mwalimu aliingia katika kikao kile kama kiongozi wa nchi yenye balozi London, tena isiyowahi kuitoka Jumuiya ya Madola, hata siku zile za Desemba 1965 ilipokuwa haiongei na Uingereza.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia vikwazo vya uchumi: nani huviweka, nani hupita pembeni, na kwa nini sukari ya magendo haijui siasa. Mkiwa na maswali, tuandikieni kama kawaida.